Kifuniko cha Ndege ya Harishi

Nimefundisha darasani zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo nimewaadhibu wanafunzi wengi kwa kosa la kuandika neno "inasemekana". Inasemwa na nani? Alikuwapo? Kama jambo hukuliona kwa macho yako, liache lilivyo.

Kwa hiyo fahamu, msomaji, kwamba haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, nikiwa na akili timamu, na saa zake niliziandika katika daftari ambalo ninalo hadi leo. Mtu aliniomba jambo dogo, lililokuwa ndani ya uwezo wa kidole changu kimoja. Nilikataa, naye akafa. Kama la kwanza ndilo lililosababisha la pili, utaamua wewe ukishamaliza kusoma. Mimi niliamua zamani.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili. Nilikuwa mwalimu kijana wa hesabu na kazi za mikono katika shule moja ya Dodoma, nikiishi peke yangu katika tembe aliyoniachia baba yangu kule Ipagala. Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa la mjane mmoja wa Kihindi, na mjane huyo alikuwa na mtoto mmoja tu, Harishi. Mimi na Harishi tulikulia chini ya meza moja ya kukatia nguo. Alinitukana kwa Kigogo safi kuliko nilivyoweza kumjibu kwa Kigujarati. Tulitengeneza ndege za mabua ya mtama: zake ziliruka, zangu zilinyooka.

Alipokua alipelekwa India kwa wajomba zake akasome. Huko akajiunga na jeshi la anga, akawa rubani wa ndege za jeti. Mama yake alikuwa na picha yake moja tu akiwa na sare, na ndege yenyewe ilionekana kipande cha bawa nyuma ya bega lake. Kila aliyeingia dukani alionyeshwa lile bawa.

Mwaka huo, kiangazi kikiwa kimekaza, nilipokea kifurushi kutoka kwake. Ndani mlikuwa na sanduku la vipande vya kuundia mfano wa ndege ya kivita: miti myepesi iliyokatwa nusunusu, gundi, vikopo vya rangi, mchoro mkubwa uliokunjwa, na kifuniko cha plastiki angavu cha kufunika kiti cha rubani, kidogo kama ganda la karanga. Barua yake ilikuwa fupi.

"Mwalimu, hii ndiyo ndege yangu, ila imenywea kidogo. Iunde umpe mama kabla ya Diwali, aone mwanawe anakaa wapi. Alama za Mwingereza zilizomo sandukuni zitupe, upake zetu. Na tafadhali isije ikafanana na kabati la shule."

Nilicheka, kisha nikafungua mchoro, na kicheko kikaisha. Ndege ile ilikuwa na mikia miwili iliyotoka katika mabawa na kuunganishwa nyuma kwa ubao mwembamba. Mkia mmoja ukipinda kwa unene wa ukucha, ndege nzima inakwenda upogo. Mara tatu niliiunganisha, mara tatu nikaibomoa. Nilisugua mti kwa msasa, nikaupaka rangi, nikausugua tena, hadi nyuzi zake zikapotea na ukawa laini kama yai. Alama za duara, kijani, nyeupe na rangi ya manjano iliyoiva, nilizichora kwa bikari na kuzijaza kwa brashi niliyoitengeneza kwa manyoya ya sikio la mbuzi.

Adui yangu mkuu alikuwa vumbi. Anayeijua Dodoma ya mwezi wa kumi hahitaji maelezo. Upepo huanza asubuhi jua likishapanda na hautulii hadi usiku, na tembe nayo humwaga udongo wake kutoka darini. Rangi mbichi ikikutana na hayo hugeuka ngozi ya mamba. Basi nilijiwekea utaratibu: nafanya kazi alfajiri tu, upepo ukiwa umelala, natandaza shuka chini ya dari juu ya meza, na kabla ya kufungua kopo la rangi, nanyunyizia sakafu yote maji hadi ilowe, vumbi lisiinuke. Ukumbuke hiyo sakafu.

Mama Harishi alikuwa ananiuliza kila nilipopita.

"Mwalimu, ndege ya mtoto yangu iko tayari?"

"Shikamoo mama. Bado kidogo."

"Marahaba. Bado, bado. Mungu aliumba dunia, wewe bado unapaka mkia!"

Jumamosi ya wiki ile kabla ya Diwali ilibaki kazi moja: kufunga kifuniko cha rubani. Niliamka, nikawasha taa, nikanyunyizia sakafu. Saa kumi na moja na nusu nilisikia mtu akisema mlangoni, "Hodi, Mgogo."

Nilifungua. Alikuwa Harishi.

Alisimama nje ya kizingiti, amelowa. Simaanishi jasho. Nywele zilikuwa zimelala kwenye paji la uso, shati limemganda mwilini, na maji yalichuruzika kutoka kwenye vidole vyake. Tangu mwezi wa nne hatukuwa tumeona tone la mvua. Lakini mtu akimwona rafiki yake baada ya miaka sita, huanza kwa kukagua nguo? Nilipiga kelele za furaha. Nikamuuliza amefika kwa treni gani.

"Sikai," alisema. "Nimekuja kuiona."

Aliingia, akainama juu ya meza. Aliitazama ndege kwa muda mrefu.

"Imenyooka," alisema. "Mkaidi wewe, imenyooka kweli. Lakini hicho kifuniko usikifunge."

"Kwa nini? Mchoro unasema kifungwe kwa gundi."

"Mchoro umechorwa na mtu aliyekaa mezani."

"Vumbi litaingia ndani, Harishi. Nimefanya kazi wiki saba."

"Afadhali vumbi." Kisha akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia na mimi, sauti isiyo na utani hata chembe: "Ndugu yangu, nakuomba. Kiache wazi."

Nilimwambia tutalizungumza kwa chai. Niligeuka kuchukua sufuria iliyokuwa nyuma yangu, hatua mbili, si zaidi. Nilipogeuka tena hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa wazi. Nilitoka, barabara ilikuwa nyeupe na tupu mpaka mwisho wa macho. Nikarudi, nikainamisha taa sakafuni. Katika udongo ule uliolowa zilikuwapo nyayo zangu, zinazokwenda mlangoni na zinazorudi mezani. Za mtu mwingine hazikuwapo.

Ungefanya nini? Mimi nilifanya kama mtu aliyesoma. Niliandika saa katika daftari, kisha nikatafuta sababu. Gundi ile ilinuka kama ndizi zilizoiva mno, na kichwa changu kilikuwa kimeivuta kwa wiki saba katika chumba kilichofungwa. Hiyo ilikuwa sababu nzuri. Hata hivyo, kwa kuwa siamini jambo lisilothibitishwa, saa moja nilikwenda mjini.

"Mama, Harishi amefika?"

Mama Harishi alicheka mpaka akashika kaunta. "Harishi afike, halafu chapati zangu bado ziko mezani? Yeye iko India, baba. Umelala vizuri?"

Hapo, msomaji, ndipo kosa langu. Ningeweza kungoja. Ningeweza kusema nitafunga kesho. Lakini niliona aibu, tena aibu ya hasira: mimi, mwalimu, nimetembea maili nzima kuulizia njozi! Nilirudi Ipagala nikiwa nimeazimia kuiadhibu njozi ile. Upepo ulikuwa umeanza. Vumbi lilikuwa tayari linapita chini ya mlango, nalo likanipa haki niliyoihitaji. Nilitia gundi ukingoni mwa kifuniko, nikakiweka mahali pake, nikakishikilia kwa kidole gumba huku nikihesabu hadi mia mbili, kama mchoro ulivyoagiza. Nilipofika mia moja na kitu nilihisi kitu kikigonga chini ya kidole, kidogo sana, kama punje ya ulezi inayodunda. Nilikandamiza zaidi. Nikamaliza kuhesabu. Nikaandika katika daftari: saa tatu kasorobo, kazi imekwisha.

Simu ya maandishi ya kifo chake ilifika dukani Jumatatu. Barua ya mkuu wake wa jeshi ilifuata baada ya wiki tatu, na kwa kuwa iliandikwa kwa Kiingereza, Mama Harishi aliniita nimsomee. Alikaa sakafuni amevaa nyeupe ya msiba, na ile ndege niliyompelekea ilikuwa mbele ya taa ya sala, imevishwa shada la maua.

Barua ilisema kwamba Jumamosi ile injini ilizimika, na Harishi akaishusha ndege juu ya ziwa bila kuivunja. Ilielea kwa dakika kadhaa. Wavuvi waliofika karibu walimwona akiwa hai, akipiga kifuniko kwa ngumi kutoka ndani. Kifuniko hakikufunguka. Ndege ilizama saa tano na robo asubuhi kwa saa za India.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. India imetutangulia kwa saa mbili na nusu. Nilitoa, nikapata saa ile ile niliyoiandika katika daftari.

"Soma, baba," alisema Mama Harishi. "Iliuma mtoto yangu?"

Nilisoma kwamba injini ilizimika, na kwamba hakusikia maumivu. Sentensi ya kifuniko niliiruka. Ndiyo, mimi niliyewaadhibu watoto kwa kusema lisilo kweli.

"Asante," alisema, akanishika mkono huu. "Wewe ulimjengea nyumba yake. Usiruhusu mtu aiguse."

Aliishi miaka tisa mingine, na kila asubuhi aliiwashia taa ndege ile. Nilikwenda mara nyingi nikiwa nimedhamiria kumwambia. Sikumwambia. Alipofariki, jamaa zake waliniletea ndege kwa wosia wake, nayo ipo juu ya kabati mbele yangu ninapoandika.

Sitaongeza chumvi. Haitembei, haitoi sauti. Lakini asubuhi zisizo na upepo, wakati wa kiangazi, wakati hata mtungi umekauka, kifuniko kile huingia ukungu kwa ndani. Na katikati ya ukungu huwa pana mahali pamefutwa, padogo kuliko punje ya uwele, kama mtu afutavyo kioo apate kuona nje. Sisemi kwamba ni mkono. Nasema pamefutwa.

Nimejaribu kukifungua. Nilimwomba radhi marehemu mama yule nikaingiza wembe ukingoni, na wembe ukavunjika. Gundi na mti vimekuwa kitu kimoja. Hakitafunguka bila kuiponda ndege yote, na mimi sijui nitakuwa nikimponda nani. Basi asubuhi hizo naketi mbele yake hadi jua lipande na ukungu ukauke. Wakati mwingine nahesabu hadi mia mbili. Haisaidii.

Nawe unayesoma, sitaki uamini mizimu. Amini hili tu: akija mtu kwako alfajiri, akakuomba neno dogo lisilo na sababu, mpe. Usimwambie mchoro unasemaje. Vumbi hufutika.