Ukuta Nilioutoa Karibea

Aliyemuua dada yangu ni mimi. Polisi hawanitafuti, mahakamani sina jalada, na msibani hakuna aliyeninyooshea kidole. Lakini wewe unayesoma nakwambia vile ninavyojiambia mwenyewe kila nikiinuka kwenye mswala: ni mimi!

Jina nalificha. Ukiwa mtu wa Tanga, ukiuliza mara mbili utalipata tu, maana mimi si mtu mdogo. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kuteremsha machungwa ya Maramba kwa baiskeli, nikilala barabarani kama mbuzi. Leo nina malori, nina duka la vifaa vya ujenzi pale Chumbageni, nina nyumba Raskazone, na vijana wenye digrii zao wananiita bosi. Hakuna aliyenishika mkono! Ndivyo nilivyokuwa nikitamba kwenye kila harusi.

Uongo mtupu. Mkono ulikuwepo, na ulikuwa unanuka pweza.

Mama yetu alifariki nikiwa bado nanyonya kidole. Dada Mwanahawa ndiye aliyenilea. Kijijini kwetu, upande wa Mkinga, wanawake wana kazi yao ambayo haina bosi. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa na miamba kubaki wazi, wanashuka na vikapu na fimbo kuchokoa pweza kwenye matundu. Maji yakianza kujaa, wanapanda. Hayo madarasa yangu manne ni pweza. Ile baiskeli ya machungwa nayo ni pweza.

Nilipopata, nikamwambia aache. Nilimjengea nyumba ya bati la rangi, nikamwekea umeme.

"Dada, watu wananicheka. Dada wa tajiri anapita na kikapu kinachuruzika!"

Akanijibu huku anakausha miguu: "Hela zako tamu, mdogo wangu. Ila hazina chumvi."

Hakuacha. Hata goti lilipoanza kumsumbua alishuka vilevile, akiegemea fimbo, na shoga yake Bi Mashavu pembeni.

Basi, sasa nije kwenye hiyo Karibea.

Wafanyabiashara wenzangu wote walikuwa wameshakwenda Dubai na China. Mimi nikataka mahali ambapo hakuna mfanyabiashara wa Tanga aliyekanyaga. Binti yangu Zuhura, msomi huyo, akaperuzi kwenye simu akasema, "Baba, twende Karibea." Kisiwa chenyewe jina lake nalitamka vibaya hadi leo, kwa hiyo nakiacha.

Ndugu yangu, niliona! Nilipanda farasi akaingia nami baharini mpaka maji yakafika kifuani mwake. Nilifungwa mkanda nikateleza kwenye waya juu ya msitu, nikapiga kelele kama mwali. Tulipanda maporomoko ya maji tumeshikana mikono na Wazungu tusiowajua. Kuna mahali unasimama majini na samaki aina ya taa, wapana kama ungo, wanakupitia miguuni wakikuomba chakula. Jioni wanapiga ngoma za mapipa ya chuma, na mezani wanaleta shelisheli la kuchoma na samaki wa nazi. Samaki wa nazi! Nimevuka dunia nzima kwenda kula samaki wa nazi!

Nikamwambia Zuhura, "Hivi vyote kwetu vipo. Bahari ipo, taa wapo, nazi ndiyo usiseme. Kwa nini watu wanalipa huku na kwetu hawaji?"

Jibu nililiona mwenyewe. Ule ufukwe wa hoteli tuliyofikia ulikuwa na ukuta. Mchanga umechanwa kama nywele, hakuna anayekatiza, hakuna mtoto uchi, hakuna harufu. Nikasema, hii ndiyo siri!

Dereva aliyetuzungusha, mtu mweusi kama mimi, alisimamisha gari kwenye ule ukuta akasema maneno, Zuhura akanitafsiria. Alisema bibi yake alikuwa akiokota kome pale kabla ya ukuta. Sasa bibi anakula kome wa kwenye barafu, wa kununua dukani.

Nilicheka! Nikasema, "Mwambie bibi yake ameendelea, ana friji."

Zuhura hakutafsiri. Alitazama nje ya dirisha hadi tulipofika hotelini.

Nilirudi na picha mia kwenye simu na wazimu mmoja kichwani. Kwenye kiwanja changu cha pale kijijini, kinachogusa mchanga, nikajenga hoteli ndogo ya vibanda vya makuti, baa ya juisi, farasi wawili kutoka mjini. Nikajenga na ukuta, mrefu, unaoshuka mpaka maji ya kawaida yanapofika. Pande mbili mawe, upande wa bahari nondo na geti. Vibali nilipata. Mtu kama mimi vibali hapati?

Tatizo lilikuwa moja, na mimi sikuliita tatizo. Njia ya wanawake kutoka kwenye miamba ilipita katikati ya kiwanja. Ilikuwa pale kabla babu hajazaliwa.

Siku ya kuzindua, dada alisimama kwenye geti mbele ya watu.

"Na sisi tutapita wapi, mdogo wangu?"

"Mtazunguka kule mkondoni, kwenye mikoko."

"Mkondoni maji yanajaa kabla ya huku."

"Basi muwahi kutoka! Kwani hao pweza wanawafunga kamba?"

Watu walicheka. Yeye aligusagusa nondo za geti kama mtu anayepima kitambaa sokoni.

"Hiki ndicho ulichotuletea kutoka huko?"

"Nimewaletea maendeleo, dada."

"Mbona kama ni ukuta," akasema, akaondoka zake akichechemea.

Mlinzi nilimchagua kwa akili. Sikutaka mtu wa pwani, maana mtu wa pwani angemfungulia mama yake, kesho shangazi yake, keshokutwa kijiji kizima. Nikamleta Eliya, mtu mzima wa milimani huko Lushoto, mwaminifu, mwimbaji wa kwaya, bahari ameiona ukubwani. Nikamwambia hapiti mtu asiye mgeni. Akaniitikia, "Sawa, bosi," na kwake sawa ilikuwa sawa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya bamvua. Nilikuwa na wageni wakubwa kutoka mjini, wenye suti, wa kuniheshimisha. Wamekaa kivulini wanakula, mimi nimesimama nawapa hadithi ya Karibea. Nimefika kwa wale taa, nimekunja suruali kuonyesha maji yalipofika. Simu ikaita.

"Bosi, kuna mama huku geti la bahari. Amelowa. Anaomba kupita."

"Azunguke."

"Anasema ni ndugu yako, bosi."

Nikapaza sauti ili wageni wasikie vizuri. "Eliya! Tangu nipate hela Tanga nzima ni ndugu zangu!"

Wakaangua kicheko. Mmoja akapiga meza.

"Anasema goti linamuuma, hawezi kuzunguka."

"Hata angekuwa mama yangu mzazi, amri ni amri. Mwambie azunguke."

Nikakata simu, nikarudi kwa taa wangu.

Yaliyobaki nilisimuliwa na Bi Mashavu. Walichelewa kwa sababu ya goti. Bi Mashavu alipoona maji yanageuka alimwambia wafuate mkondo mapema. Dada akakataa. "Wewe zunguka, miguu yako mizima. Mimi napita kwa mdogo wangu. Hawezi kunirudisha."

Nikamrudisha!

Alipotoka getini mkondo ulikuwa umeshajaa. Jioni hakuonekana. Kijiji kizima kilishuka na tochi na mitumbwi. Asubuhi maji yalipokupwa wakamkuta kwenye mizizi ya mikoko, leso imenasa, kikapu bado kimefungwa kiunoni. Pweza wawili. Bi Mashavu aliwafungua akawatupa baharini, akasema, "Rudini, mwenyewe hayupo."

Eliya alipomwona akapiga magoti. "Bosi, sikujua maji yanaweza kuua mtu anayetembea. Kwetu maji yako chini ya bonde." Alikusanya nguo zake siku ileile akapanda kwao. Ningemlaumu kwa lipi, kwa kunitii?

Msibani nilipeleka lori zima. Mchele, mafuta, ng'ombe. Nilizoea kwamba nikishusha magunia watu wanapisha. Safari hii walipisha, ila hakuna aliyeshusha. Wanawake walikuja na vyungu vyao, na mihogo yao na samaki wao, wakapika, wakalisha watu siku zote za matanga. Lori langu lilikaa juani mpaka ng'ombe akaanza kulia. Hakuna aliyenitukana. Niliwaamkia wazee shikamoo, wakaitika marahaba, wakageuza nyuso. Afadhali wangenitukana!

Hadi hapa ni mambo ambayo kijiji kizima kinayajua. Sasa nakwambia lile wasilolijua, ambalo hata Zuhura hajalisikia.

Ni lile neno goti. Eliya alipotamka goti, nilijua! Wallahi nilijua. Ni kama kufumba jicho, lakini nilijua ni nani aliyesimama pale kwenye nondo. Na nikakataa kujua, kwa sababu hadithi ilikuwa haijaisha, watu wanacheka, na mimi nimekunja suruali. Niliona aibu dada wa tajiri apite mbele ya suti zile akiwa amelowa na kikapu kinachuruzika. Aibu tu. Hakuna kingine.

Watu wananipa pole, wanasema hukujua, ni kudra. Kila pole inaniingia kama mwiba wa taa.

Zuhura amehamia kwa mama yake mdogo. Nilimwomba radhi kwenye simu. Akaniuliza, "Baba, yule dereva unamkumbuka?" Nikasema namkumbuka. Akasema, "Basi," akakata.

Nimeomba radhi kaburini, kaburi halijibu. Shehe ananiambia Mungu ni mwingi wa rehema. Naamini. Lakini radhi niliyokuwa naitaka ilikuwa ya mtu mmoja, na huyo mmoja nilimwambia azunguke.

Hoteli nimeifunga, farasi nimewauza. Ukuta nimeubomoa kwa mikono yangu, jiwe kwa jiwe, nikikataa vibarua. Niling'oa na geti. Njia iko wazi kama zamani, ni nyepesi, haina tope, mtoto anaipita amefumba macho.

Wewe uliyepata, nakuonya! Safiri, panda farasi, ogelea na taa, kula samaki wa nazi wa watu. Lakini ukiona ukuta mzuri ugenini, usiubebe. Muulize kwanza bibi aliyekuwa akipita hapo. Na ukiambiwa kuna mtu mlangoni anasema ni ndugu yako, inuka ukamtazame kwa macho yako, hata kama ndiyo kwanza hadithi imenoga.

Kila bamvua nashuka, nakaa pale lilipokuwa geti. Nawaona wakitoka kwenye miamba, Bi Mashavu mbele, vikapu vimejaa. Napiga kelele, "Piteni hapa, mama zangu! Pameshafunguliwa!"

Wanasimama kidogo, wananitazama. Halafu wanapinda kushoto, wanashika njia ya mkondoni.