Isakki Kazaa Mweupe

Mdogo wangu Isakki alipokuwa mchanga, mama alikuwa akimpaka nukta ya wanja shavuni, kama tunavyowapaka watoto wote, ili jicho baya litue pale na kumwacha mtoto. Shangazi zetu walikuwa wakija, wanamgeuza huku na huku. "Wifi, nukta yenyewe iko wapi? Mbona hatuioni?" Halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mama naye alicheka, maana angefanya nini? Mimi nilikuwa na miaka saba na nilitamani kuwang'ata.

Isakki ni mweusi, ndiyo. Mimi mwenyewe si mweupe, lakini kwa macho ya watu wa Kovilpatti, mji wetu huku kusini mwa India, nilipita kwa jina la "rangi ya ngano". Yeye hakupita. Shuleni kila igizo alipewa kuwa jini, na walimu wakampongeza eti hahitaji rangi za kujipaka. Alipofika miaka kumi na minne aliacha shule, akanifuata kwenye karakana ya kashata za karanga. Mimi nilipika sukari guru, yeye alikata na kufunga. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo wa kuchekesha. Nikichelewa kuepua sufuria ananipigia kelele, "Dada Pechi, epua, sukari inakuwa kama mimi!" Karakana nzima inaangua kicheko. Nilikuwa namwambia aache utani huo. Alinijibu kuwa afadhali ajitukane mwenyewe kabla hawajamfikia wenzake.

Familia tisa zilikuja nyumbani kumtazama kwa posa. Walikula bajia zetu, wakafuta midomo, wakasema watatuletea habari. Mpaka leo tunazisubiri. Ya kumi ilikuwa ya Madasamy, fundi wa pampu za maji, mweusi tii yeye mwenyewe, na mama yake aitwaye Vellaiammal. Jina hilo kwa lugha yetu maana yake ni Mama Mweupe, na mwenye jina ungemweka kando ya chungu cha kukaangia usijue uchukue kipi. Lakini nyani haoni kundule. Siku ya harusi aliwatangazia wageni, "Tumemchukua hivyohivyo," utadhani wamepokea sahani yenye ufa.

Isakki alipopata mimba, huyo mavyaa yake alinunua zafarani. Huku kwetu wanawake wanaamini mjamzito akinywa maziwa yenye zafarani mtoto atatoka mweupe. Vellaiammal alisimama juu ya kichwa chake asubuhi na jioni mpaka glasi iishe.

"Kunywa, mwanangu. Maliza na hiyo iliyobaki chini. Usituletee mwingine wa rangi hiyo."

"Mama, na rangi ya mwanao je?" Isakki alimuuliza siku moja.

"Mwanaume ni mwanaume. Kunywa."

Mwezi wa saba wa mimba tukamvalisha bangili kama desturi, akarudi kwa mama kujifungua. Baada ya hapo, upande wa mume huja kumchukua mzazi na mtoto, mwezi wa tatu au wa tano. Ni lazima waje wao. Mwanamke harudi kwa miguu yake mwenyewe kama mbuzi aliyepotea.

Mtoto alitoka mweupe. Sisemi rangi ya ngano, nasema mweupe, wa samli iliyoganda. Nilikuwepo, nilishika kitambaa, na sitasema uongo, nilishtuka. Isakki alimtazama, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nukta ya huyu itaonekana."

Kesho yake Vellaiammal aliingia wodini. Alipofunua kitambaa alipiga kigelegele. "Zafarani yangu! Njooni muone zafarani yangu!" Akampitisha mtoto kitanda hadi kitanda. Alipofika cha mwisho, mama mmoja aliyekuwa amelala na mwanawe kifuani akamwambia, "Bibi, na mimi nilikunywa zafarani hiyohiyo, wangu katoka kama mkaa. Hebu tuambie, mkwe wako aliichanganya na nini?"

Wodi nzima ikacheka. Ulikuwa utani tu, utani wa wazazi waliochoka. Lakini nilimwona Vellaiammal uso ukimshuka. Alimrudisha mtoto kitandani, akajifunga vizuri sari yake, akaondoka hata bila kuaga.

Siku ya kumi na sita ni ya jina. Shangazi wa mtoto, dada yake baba, huleta uzi mweusi wa kiunoni na kumfunga mtoto, na hapo ndipo mtoto anakuwa wa ukoo. Tulipika, tukafagia, tukakaa. Mchana ukapita. Wali ukapoa. Wifi hakuja, Madasamy hakuja, hakuja hata paka wao. Mama akampa mtoto jina la bibi yetu, Ponnuthai, na kiuno chake kikabaki kitupu.

Mwezi wa tatu ukapita. Mwezi wa tano Isakki alifunga nguo zake kwenye sanduku, akaliweka karibu na mlango, na sanduku likakaa pale mpaka likaota vumbi. Mama alipokwenda kuuliza, Vellaiammal alimjibu mlangoni, hata maji hakumpa. "Mpelekeni kwa baba yake, yule karani wa mzani pale karakana kwenu. Si ni mtu wa Kerala yule? Si ni mweupe?" Huyo karani, maskini, alikuwa hawezi hata kumtazama mwanamke machoni akimpimia karanga. Aliposikia aliacha kazi akarudi kwao.

Hapo ndipo ujue watu walivyo. Wahenga wanasema kitanda hakizai haramu, lakini mwenye kitanda akikana mwenyewe utafanyaje? Miaka na miaka walimdharau kwa kuwa mweusi, wakamnywesha dawa ili azae mweupe, akazaa mweupe, wakamfukuza kwa hilo. Nilikaribia kwenda kumpasua yule bibi. Isakki alinishika mkono. "Dada, mimi sitaki ugomvi. Nataka mwanangu afungwe uzi."

Mwaka ule kulikuwa na daktari wa chuo kikuu, mama mmoja aitwaye Vasuki, aliyekuwa akizunguka mji kwa mji kupima rangi za watu. Si dawa, ni utafiti. Unakunja mkono wa nguo, anaweka kidude chenye taa upande wa ndani wa mkono, juu, pale jua lisipofika, kisha unatema mate kwenye kichupa. Alipopiga kambi kwenye ukumbi karibu na hekalu, Isakki alibeba mtoto akapanga foleni. Zamu yake ilipofika hakukunja nguo.

"Daktari, watu weusi wawili wanaweza kuzaa huyu?"

Daktari alimtazama mtoto, akamtazama yeye, akavuta kiti. "Kaa, dada. Wanaweza."

Akamweleza, na mimi nimesimama nyuma nasikia. Alisema rangi haipangwi na kitu kimoja, vipo vingi mwilini, kila kimoja mtoto hupewa mara mbili, mara moja na baba na mara moja na mama. Kimoja katika hivyo kina nguvu sana ya kuleta weupe. Kilifika nchi hii zamani za kale, kikiletwa na watu waliohama kutoka kaskazini na magharibi. Walikuta watu waliokwisha kaa hapa maelfu kwa maelfu ya miaka, wakaoana nao, wakazaana, wakasambaa.

"Sijapima mji hata mmoja nikakikosa," alisema. "Walichanganyika wote. Baadaye, yapata miaka elfu mbili iliyopita, watu wakaanza kufunga milango, kila tabaka likaoa ndani kwake. Lakini kilichokwisha ingia kimeingia. Mtu mweusi anaweza kukibeba upande mmoja asijue. Akikutana na mwenzake aliyebeba vilevile, mtoto anaweza kupata pande zote mbili."

"Basi niandikie," Isakki akasema.

"Maneno yangu hayatatosha. Nahitaji mate ya mumeo."

Isakki alikwenda mbele ya wazee wa mtaa, mtoto kiunoni, akamwambia Madasamy mbele ya watu, "Toa mate." Madasamy akaanza kujikuna, mara ana kazi, mara mama hajaruhusu. Nikashindwa kuvumilia. "Shemeji, kila ukuta wa mji huu umeutemea tambuu yako bure. Leo mate yamekuwa ghali?" Wazee walicheka, na kwa aibu ya kicheko akatema.

Tulisubiri miezi miwili. Daktari alileta karatasi mwenyewe nyumbani kwa Vellaiammal, akaisoma. Mtoto ni wa Madasamy, hakuna shaka. Madasamy amebeba kile kitu upande mmoja, Isakki amebeba upande mmoja, mtoto amepata vyote viwili.

Mimi nilikuwa namtazama Vellaiammal, nangoja aanguke miguuni kwa mdogo wangu. Badala yake alinyoosha shingo. "Kwa hiyo huo weupe umetoka kwetu."

"Nusu kwenu, mama, nusu kwa Isakki," daktari akasema.

"Na hao waliokuja nao walitoka kaskazini?"

"Zamani mno, ndiyo. Wakaingia kwa kila mtu."

"Nilijua!" Akawageukia majirani waliojaa mlangoni. "Mume wangu alikuwa akisema kila siku, sisi si watu wa hivihivi!"

Daktari akakunja miwani yake. Nadhani alikuwa amekwisha kutana na wengi wa namna hiyo.

Wakaja kumchukua kwa ngoma na maua, mtoto ana miezi kumi na minne. Neno samahani halikutoka kwa yeyote. Madasamy alileta mkungu wa ndizi akauweka chini akitazama miguu yake. Uzi ukafungwa kiunoni, na Isakki akalia kwa furaha, na mimi nikamwona mjinga, Mungu anisamehe. Vellaiammal akasema jina Ponnuthai ni la kishamba. Akamwita Shwetha, maana yake Mweupe. Yaani lilelile jina lake mwenyewe, ila hili ni la mjini, limevaa viatu.

Toka siku hiyo mtoto alikuwa wa bibi. Alibebwa harusini, hekaluni, dukani, akionyeshwa. Wageni wakija, Isakki anaambiwa, "Wewe kaa jikoni, chai isije ikaungua." Kwenye basi watu walimuuliza anamlea mtoto wa nani. Na bibi, mtoto akikimbilia uani kucheza, anamwita kwa sauti ambayo mtaa wote unaisikia, "Shwetha! Toka juani! Unataka kuwa kama mama yako?" Mtoto ni sikio, anapokea unachomwekea. Alipofika miaka minne alikataa kuogeshwa na mama yake, eti ile rangi itamgusa.

Mwaka huu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Kila adhuhuri Isakki humpelekea chakula mpaka getini. Wiki iliyopita alikuja karakana, akaketi kati ya magunia, akaanza kubangua karanga bila kuombwa. Alipomaliza karai zima akalisogeza kando.

"Dada, mwalimu mpya kamuuliza mwanangu mimi ni nani. Naye kasema mimi ni dada wa kazi."

Niliacha sukari motoni. "Ukamfanya nini?"

"Ningemfanya nini? Ile karatasi ya daktari mnayo bado?"

"Ipo kwa mama. Ya nini?"

"Nilikuwa nakumbuka tu. Baba ndiye aliyehitaji karatasi. Mimi nilidhani tumbo linatosha."

Sukari iliungua yote siku ile. Nikamwambia kesho tunakwenda wote, na huyo mtoto atanitambua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa, lakini hata shangazi zetu na kicheko chao hawakufika hapo.

Kesho yake tukaenda. Mwalimu alituona getini, binti mpole, hana kosa. Akageuka akaita ndani, "Shwetha! Dada wenu wa kazi kaleta chakula!"

Nilikwisha fungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya miaka sita mle ndani. Isakki akanikamata kifundo cha mkono, akanibana mpaka kikaniuma. Alikuwa anatazama dirishani. Mtoto alikuwa amesimama pale kati ya wenzake, anamtazama mama yake kwa macho ya kumsihi.

"Ndiyo, mwalimu," Isakki akasema, akampa kikopo cha chakula. "Mwambie ashike vizuri, mchuzi ni wa moto."