Ukumbi Uliponyamaza

Siku ile ya usaili wa Columbus haijanitoka kichwani, mdogo wangu. Ningekuita mwanangu kama wazee wetu wafanyavyo, lakini nimemaliza chuo juzijuzi tu. Nilitoka Louisville kwa basi, nikalala Westerville, kando ya jiji la Columbus, kwa mama yangu mdogo, Mama Neema, naye akaomba ruhusa kazini ili anipeleke. Kampuni moja ya opera ilikuwa inatafuta kijana wa sauti ya tenori. Nilikuwa nimebakiwa na usaili huo na mwingine wa Buffalo. Nikikosa yote, narudi ghalani kupanga maboksi, na sauti isiyotumika hufifia.

Wewe umekulia kwenye kwaya kama mimi, unajua mambo ya kanisani kwetu. Ukiimba vizuri hawakuachi peke yako. Mama mmoja anapiga kigelegele, mwingine anakuja mbele kukufuta jasho kwa leso yake. Wakinyamaza, ujue umeharibu, na adabu ni kukatisha, kuomba radhi na kumpisha mwingine.

Basi niliimba mbele ya watu watatu waliokaa nyuma ya meza. Kimya. Mmoja akatazama chini. Nikaanza kujiuliza: nimeanza juu mno? Koti limenibana? Au wameshamchagua mwingine? Nilipokaribia noti ya juu kabisa, nikaacha. Nikasema samahani. Mpiga piano aliendelea kidogo peke yake, kisha naye akaacha. Wakanishukuru kwa upole, nikatoka.

Garini Mama Neema akaniuliza sababu, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa, "Uliacha juu ya nini?"

"Hakuna aliyeitikia, mama."

"Walikuambia uache?"

"Hapana."

"Bon. Kule kazini niko na bibi mmoja mugonjwa, namuogeshaka kila asubuhi. Hajaniitikia hata siku moja. Donc nimuache na sabuni mu macho?"

Nilicheka bila kupenda. Yeye hakucheka.

"Kanisani tunakusaidia juu uko mutoto wetu. Bale ba ku meza hawakukuzaa. Wako kazini, na weye uko kazini. Maliza kazi yako, papa."

Nilifika Buffalo wakati wa theluji. Ukumbi ulinyamaza vilevile. Mmoja wa wasaili alipiga miayo, naapa. Kichwa kikaanza maswali yake, nami nikaendelea kuimba. Nikaipanda ile noti, nikashuka, nikafika mwisho. "Asante," akasema mmoja, kwa upole uleule wa Columbus. Nililia chooni, nikiwa na hakika nimekosa.

Baadaye wakanipigia simu. Wamenichukua kwa msimu mmoja: kuimba na kundi, na kuigiza mhusika mdogo mwenye mistari michache.

Usidhani hofu imekwisha. Hata sasa, nikingoja nyuma ya pazia, nasahau neno la kwanza mpaka muziki uanze. Na msimu ujao sijui nitakuwa wapi. Ila nakuomba jambo hili: ukiingia mahali pasipo na mtu wa kwenu, usisome hukumu yako kwenye nyuso za watu. Kuamua ni kazi yao. Yako ni kuumaliza wimbo.

Mungu akulindie koo lako, akupe pumzi ya kukufikisha kwenye neno la mwisho. Na hofu ikija, ikukute bado unaimba.