Bibi wa Rusimbi na Mtu wa Kula Naye

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, tulimzika bibi mmoja wa Rusimbi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta tangu nilipohamia Ujiji. Msinipe pole nyingi. Nililia, sikatai, lakini nilirudi kutoka makaburini nikimshukuru Mungu, maana kwa makadirio yangu bibi yule alikuwa wa kufa miaka kumi na minane iliyopita.

Mumewe alipofariki, watoto walikwishatawanyika Tabora na Dar es Salaam, naye akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne. Chakula hakikumpungukia; watoto walituma, na sisi majirani tulimpelekea migebuka, samaki wa ziwa letu. Hata hivyo alikonda, na hospitali hawakuona ugonjwa. Mchana mmoja nilimkuta na kikombe cha chai ya rangi, nikamuuliza mbona hapiki. "Nimsongee nani?" akanijibu. "Ugali wa mtu mmoja, mwanangu, hata mwiko unauonea aibu." Nilimwambia mke wangu tujiandae kwa msiba.

Ilikuwa miaka ile boti zikivuka ziwa zimejaa watu waliokimbia vita. Bibi alipeleka uji ufukweni kama wengine, akarudi na mwanamke wa rika lake, Mrundi aliyepotezana na wanawe njiani. Bibi mwenyewe alikuwa Muha wa Kidahwe, na Kiha na Kirundi ni lugha za karibu, kwa hiyo walielewana tangu salamu ya kwanza ya "amahoro", na siku ya pili wakaanza kugombana. Huyu anasema mawese yamezidi, yule anasema hayajatosha, na mabishano yao nayasikia nikiwa chumbani kwangu. Mimi, mwoga wa serikali, nilimwonya bibi kwamba mahali pa mkimbizi ni kambini. "Wewe unaiogopa sheria," akasema, "mimi naiogopa nyumba hii." Miezi michache baadaye mashavu yake yalikuwa yamerudi. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, mimi siku zote nilidhani wanazungumzia supu ya kuku.

Kisha wageni wakaandikishwa, na huyu wa kwetu akapelekwa kambini. Wiki ya tatu bibi alikuwa amerudia chai yake ya rangi. Akaja kwangu na karatasi, nimwandikie barua ya kuomba kibali ili mwenzake arudi. Kwa ujanja wangu wa ukarani niliandika kwamba anahitajika kumuuguza mgonjwa. Nilipomsomea, aliirudisha.

"Siumwi. Andika ukweli. Andika kwamba bila yeye mimi sili."

"Watakucheka, bibi."

"Wacheke, kisha wasaini."

Niliandika hivyo hivyo, huku nikiona haya. Aliipeleka mwenyewe. Afisa aliisoma, akamuuliza yule mwanamke ni nani wake. Si dada, si wifi, si shemeji. "Ndiye ninayekula naye," bibi akajibu. Afisa alicheka kweli, akatoa kibali cha wiki mbili. Kilipoisha bibi alikwenda kuomba kingine, na kingine tena, mpaka mgeni alipopata karatasi za kukaa moja kwa moja. Miaka yote hiyo niliwasikia wakigombania mawese, na leo nasema bila kuficha kwamba ile kelele naitamani.

Sina takwimu za kuwapa, wasomaji wangu. Nina bibi mmoja tu. Lakini tazameni mitaa yetu. Tunawajengea wazazi nyumba nzuri, tunaziezeka bati jipya, kisha tunamwacha mzee mmoja humo ndani na simu. Kila Jumapili tunampigia, tunauliza kama dawa zimefika, tunakata simu tumeridhika. Mimi niliyeona haya kuandika neno "sili" katika barua ya serikali nilikuwa nimeusoma ugonjwa wa bibi vibaya kuliko yeye asiyejua kusoma. Namshukuru kwa kunirudishia ile barua.

Mzee wako akianza kupungua, muulize anaumwa nini, lakini muulize pia anakula na nani. Mimi swali hilo nilimuuliza yule mwenzake wa Kirundi siku ya tatu ya msiba, wafiwa walipokuwa wanafunga mizigo. Tangu jioni ile sahani yake iko kwetu.