Toa Jina Langu kwenye Jalada

Kuna siku moja inanirudia leo, mwanangu, na inanirudia kwa sababu umenikasirisha. Nitakueleza hiyo siku. Lakini kwanza wacha nimalize hasira, maana nikianza na hadithi utadhani nimeshakusamehe.

Asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba hapa Njoro naanika mahindi, simu ikalia. Ni wewe. "Sasa Prof, natumai uko fiti. Hii naomba iende kwa jalada la nyuma. Nimeshakuandikia, wewe ni kusema tu ndiyo." Chini yake kulikuwa na sifa za riwaya yako, zimeandikwa kana kwamba nimezisema mimi. Ati ni kazi ya kipekee inayogusa moyo wa kila Mkenya. Ati nilishindwa kukiweka kitabu chini. Kufungua picha ya jalada, nikakuta maneno hayo yameshapangwa na jina langu liko hapo, Profesa mzima. Kumbe hata hiyo ndiyo yangu hukuingoja.

Nimefundisha fasihi mpaka nikaota mvi. Nimeandika riwaya zangu, na kwa miaka nilihakiki vitabu vya watu gazetini, na wako waandishi ambao wakiniona mjini huvuka barabara. Sawa, wavuke. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunitia maneno mdomoni. Umekuja kufanya hivyo wewe, niliyekufundisha darasani na kukulisha githeri jikoni kwangu. Nimekasirika sana, na ni heri ulisikie hilo kwangu kuliko kwa mtu mwingine.

Kadi ya uzinduzi nayo nimeiona. Jumamosi moja mwezi ujao, hoteli ya mjini Nakuru, mgeni wa heshima ni mheshimiwa mbunge, na keki itakuwepo. Hizo shughuli nazijua. Kitabu kinafungwa kwa karatasi ya zawadi, pasta anakiombea, mheshimiwa anafika amechelewa, anakata utepe, anakiinua juu apigwe picha, halafu anawaambia vijana waache pombe. Kisha inaletwa keki iliyookwa ikafanana na kitabu, hadi jina la mwandishi limeandikwa kwa sukari. Hiyo ndiyo humalizwa yote. Kile kitabu chenyewe kinaenda kukaa kabatini na karatasi yake. Katika huu mji tumekula vitabu vingi kuliko tulivyosoma, na watu wanatoka wakipanguza mdomo wakisema sherehe ilifana.

Sasa hiyo siku. Riwaya yangu ya kwanza ilizinduliwa katika ukumbi wa kanisa, hapo hapo Nakuru. Nilikuwa mhadhiri mpya, msichana wa kwanza kwetu kufika chuo, na nilijiona sana. Mama yangu aliketi safu ya pili, amevaa sare yake ya akina mama wa kanisa. Kusoma hakujua, lakini aliambiwa kitabu kinahusu kwetu Kuresoi, viazi na ukungu wa asubuhi, na ule mwaka tuliofukuzwa shambani na nyumba ikachomwa. Alikuwa ameketi ameshika nakala yake kwa mikono miwili.

Walisimama watu wakanisifu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akasimama mwalimu wangu wa chuo, mhakiki mzee ambaye sisi wanafunzi tulimwita Wembe.

"Mimi nimekisoma," alisema. "Sura za mwanzo ni nzuri. Lakini humu kuna mama anaitwa Tabitha. Nyumba yake inachomwa, anabeba watoto, anafika barabarani. Kufungua ukurasa unaofuata, amekufa. Nimonia, sentensi moja. Huyo mama hakufa. Mwandishi amemuua ili asimfuate alikoenda."

Emsii wa shughuli akajaribu kucheka, hakuna aliyemwitikia. Nilishika maikrofoni nikamwambia mzee kwamba mhusika ni wangu na nitamfanya nitakavyo. Akasema, "Ni wako, sikatai. Lakini umemwogopa." Akaketi.

Nilimchukia yule mzee, mwanangu. Hata leo naona angeweza kunivuta kando aniambie taratibu, si mbele ya pasta na watu wote. Kuwa na haki hakumpi mtu ruhusa ya kukosa adabu, na hilo nilimwambia baadaye, akakubali nusu.

Watu walipotawanyika nilimpeleka mama kunywa chai kwenye kibanda nyuma ya soko. Alikoroga ile chai mpaka nikadhani imepoa. Halafu akaniuliza, "Huyo Tabitha ni mimi?"

Nikamwambia ni hadithi tu, mama.

"Mimi sijawahi kushikwa na nimonia," akasema. "Tulipofika hapa Nakuru nilifua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Nyinyi mlilala kwa baraza ya duka, mimi nikakesha nimekaa ili watu wasiwakanyage. Hayo hukuyaandika. Uliona heri nife."

Hakulia, wala hakupandisha sauti. Aliuliza kama kitabu kinaweza kurekebishwa, nikamwambia kimeshachapwa. Akasema haya, akafunga kitambaa chake vizuri, akamaliza chai. Mimi yangu nikaiacha mezani.

Wiki iliyofuata nilienda kwa Wembe, huko Molo, nimepanga matusi njia nzima. Nilimkuta anapalilia kabeji. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Tangu siku ile, ni nani mwingine amekuuliza habari za Tabitha?" Nikafikiri. Walinipongeza wengi, wakanishika mkono, wakaniita fahari ya Kuresoi. Habari za Tabitha hakuna aliyeniuliza, ila mama yangu, na yeye hakujua kusoma. "Basi hawakukisoma," mzee akasema. "Ukitaka watu wa kuchukia, anza na hao." Nilimjibu kwa ukali, lakini nilikaa, na chai yake nikanywa.

Riwaya yangu ya pili ilikuwa ya Tabitha akiwa hai. Nilimfuata mama jikoni, akaniambia huku akiambua njegere, na mengine sikutaka kuyasikia. Kitabu kilipotoka nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hapo kwa baraza baridi nimeiweka kidogo, ilikuwa kali kuliko hivyo. Hiyo ndiyo sifa pekee ya kazi yangu ninayoikumbuka neno kwa neno.

Sasa wewe. Kitabu chako nimekisoma, ule mswada ulionitumia, wote, halafu nikarudia. Kaptembwo yako, ule mtaa wa Nakuru, iko hai. Vijana wanaongoja kibarua langoni kwa kiwanda alfajiri, nimewaona. Yule wa boda boda anayemhesabia kila abiria vyeti vyake vya shule alinifanya nicheke peke yangu kama mwenda wazimu. Na kuna Njeri, dada wa huyo kijana, mhusika wako mkuu. Kitabu ni chake, ujue usijue. Anauza chapati, anamsomesha kakake, akimkosea anamtia adabu mbele ya marafiki zake. Halafu katikati unaandika: "Njeri akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani." Basi. Hatumwoni tena hadi mwisho. Hapo niliurusha mswada wako kwenye kochi, sikufichi.

Maana dada yako namjua. Ulimleta hapa kabla hajasafiri, akaniosha vyombo nikimkataza. Na wewe mwenyewe umeniambia amerudi, yuko pale kwenu, haongei, anashinda ndani mlango umefungwa. Na kwenye ukurasa wa kwanza umeandika kwamba kitabu umemtunukia yeye. Jumamosi hiyo utamketisha wapi, safu ya pili? Ataenda nacho nyumbani akifungue. Mama yangu aliambiwa na mtu mwingine kwamba nimemfuta. Dada yako anajua kusoma, mwanangu. Atajisomea mwenyewe.

Kwa hivyo sikiliza. Kitabu hakijaenda kuchapwa, bado uko na nafasi. Toa jina langu kwenye hilo jalada leo. Mwambie mheshimiwa uzinduzi umeahirishwa. Atanuna, halafu atapata matanga mahali akahutubie. Keki kama mmeshailipia, kuleni. Kisha nenda nyumbani ukae na dada yako. Usiende na maswali, na hiyo simu usiitoe kumrekodi. Menya naye viazi. Akisema, sikiliza, hata pale utakapotamani anyamaze. Akikwambia usiyaandike, usiyaandike kamwe, ni yake. Lakini hapo utaandika habari za kaka aliyeogopa kubisha mlango, kwa sababu hizo ni zako, na ukweli wake unaujua. Na wanaokupigia makofi hawajakusoma, usiwaite marafiki wa kalamu yako. Mimi niliyekasirika ndiye nimekusoma.

Ukimaliza niletee. Nikikipenda nitakuandikia sifa kwa mkono wangu, hata kama ni mstari mmoja, na nisipokipenda utajua pia.

Mungu akupe moyo wa kukaa chumba kimoja na dada yako mpaka mmoja wenu aongee. Amrudishie sauti yake, na wewe akupe masikio. Kazi ya mikono yako aibariki, akuzidishie wasomaji na akupunguzie wageni wa heshima. Njoo Jumapili, githeri itakuwepo. Uje naye, na safari hii vyombo utaosha wewe.