Nilimnyima rafiki yangu maji, sasa mjane wake hataki kuniona

Admin, ficha jina langu, ingawa Waswahili wa Mayfair watanijua tu. Nina miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili, nimezika madereva wote niliotoka nao Tanga, na kampuni mbili za malori zimekufa mimi bado nashika usukani. Shule niliishia darasa la tatu, lakini Johannesburg hii hakuna dereva wa kunifundisha barabara.

Rafiki yangu nimwite Bakari. Mwezi uliopita tulikuwa Jeppestown, yeye mbele na bakkie yake, pikapu ndogo, mimi nyuma. Robot, yaani taa za njia panda, ikamruhusu, akaingia, teksi ikaja mbio ikampiga ubavuni, upande wake.

Sikuchanganyikiwa. Nikasimamisha gari langu nyuma kukinga njia, nikawasha taa za hatari, nikazima injini yake, nikaita ambulensi. Paja linavuja damu, nikavua shati nikakandamiza pale pale bila kuachia. Watu wakajaa. "Madala, mzee, mtoe huyo, tumpakie kwenye teksi!" Nikawaambia atakayemgusa aanze na mimi. Gari haliwaki moto, shingo yake hamjui imekuwaje, mnataka kumvuta kama gunia? Hayo nilifundishwa kwenye kozi ya kampuni, na nyie madereva vijana mnaojua kupiga picha tu, kajifunzeni.

Msomali mwenye spaza, kiduka cha pale kona, akaja na chupa ya maji. Nikamwambia weka chini, mshike kichwa kisitikisike. Bakari alikuwa ameshaiona.

"Mzee mbishi, nipe maji."

"Hapana. Huenda wakakupasua, usiwe na kitu tumboni."

Akacheka kidogo. "Nipe basi, nipate sauti ya kukutukana."

Nikakataa. Akaomba tena, sasa bila utani. Nikakataa. Akafia ndani ya ambulensi, hospitali hawajaiona.

Daktari alisema damu ilikuwa imemwagikia tumboni, maji yasingemwokoa, pengine yangempalia. Nikamwambia nilijua. Lakini nesi mmoja akaniambia taratibu, "Baba, ungelowanisha kitambaa tu, ukampangusa midomo." Hilo kwenye kozi sikulisikia. Au lilisemwa, sijui. Tangu siku ile chai naiacha ipoe kikombeni.

Msibani mjane wake, ambaye nimekula kwake miaka yote tangu nifiwe, alinizuia mlangoni mbele za watu. "Shemeji, hata kondoo wa kuchinjwa hunyweshwa maji kwanza. Wewe mume wangu ulimnyima." Nikageuka pale pale mlangoni, nikarudi nyumbani.

Sasa arobaini inakaribia. Wanawe wananiambia, "Baba mkubwa, omba radhi tu yaishe." Radhi ya nini? Nikisema nilikosea, kesho mtu atamnywesha maji majeruhi eti kwa sababu hata mzee fulani alikiri. Nisiposema, rafiki yangu atasomewa dua mimi nimekaa peke yangu chumbani. Nyie mlio wengi humu, niambieni, nikifika mlangoni kwa yule mama niseme nini?

Na anayedhani naongopa aende Jeppestown amuulize yule Msomali. Alimshika Bakari kichwa kwa mikono yake miwili, yeye ndiye aliyesikia vizuri aliomba mara ngapi. Mimi nilikuwa nabishana.