Kipande cha Kandambili Katika Injini ya Ofisi

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo kwa haki ningepaswa kuionea haya, lakini kila inaponijia moyoni nashukuru. Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, afisa usafirishaji katika ofisi ya mradi wa mpunga hapa Kibiti, na nilikuwa na imani kubwa mno na saini yangu.

Mradi uliletewa gari la kifahari lililokwisha kutumika ng'ambo, kwenye nchi za theluji. Lilikuwa refu, la viti vya ngozi, na kila kiti kilikuwa na kitufe cha kukipasha moto. Dereva wetu, Mzee Mbonde, mwenyeji wa Bungu aliyenizidi umri kwa miaka ishirini, alikibonyeza kitufe hicho siku ya kwanza, akakaa kidogo, kisha akainuka akijipangusa.

“Bwana Afisa,” akasema, “hawa waliotuuzia walidhani Kibiti tunaganda?”

Masika ya mwaka ule mto ulifurika, na njia ya kwenda Ngorongo ikawa na madimbwi yanayofika usawa wa taa za gari. Mbegu ilikuwa lazima ifike kwa wakulima. Sasa, injini ina mpira mdogo unaotoa mvuke wake wa ndani, na mafundi huuita briza. Niliogopa maji yasije yakaingia humo yakafika kwenye oili. Kwa watu wa bondeni, kuziba kila tundu kabla ya kuingia majini ni jambo la kawaida, nami nikamwamuru Mzee Mbonde azibe na briza. Alikata kipande cha kandambili kuukuu, akakichonga kwa kisu, akakisokomeza, akakikaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Tulivuka salama. Tulipofika pakavu aliniuliza kama akitoe.

“Kiache,” nikamjibu. “Juma lijalo tunaingia tena majini.”

Nayaandika maneno yangu kama nilivyoyatamka, kwa sababu baadaye nilijitahidi sana kuyasahau.

Juma lililofuata hatukwenda, wala lile lililofuata. Gari likaanza kutoa jasho la oili chini ya injini. Mzee Mbonde aliniarifu mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia kuwa magari makuukuu ndivyo yalivyo. Nikaagiza litiwe oili nzito zaidi, ile ya matrekta, nikiamini kwamba kitu kizito hakivuji. Hakuna aliyenishauri hivyo. Nilijishauri mwenyewe, tena kwa maandishi.

Kipupwe kilipoingia tuliitwa Njombe kwenye kikao cha mbegu. Kulikuwa na fomu ya ukaguzi kabla ya safari, yenye mistari kumi na minne. Niliijaza yote nikiwa kitini, boneti sikuifungua, nikatia saini. Mpaka leo hasira hunipanda nikiona vijana wenye elimu kunizidi wakifanya vivyo hivyo, na hasira hiyo naanza kuielekeza kwangu kabla ya kuwafikia wao.

Asubuhi ya pili kule Njombe nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Injini iliguna kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, maana oili ile ilikuwa imekuwa nzito kama asali. Ilipowaka hatimaye, nikaamuru iachwe ingurume palepale ili tupate joto ndani. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Tulipoondoka hatukufika mbali. Kijiti cha kupimia oili kiliruka kutoka mahali pake, sili ya mbele, ule mpira unaozuia oili isitoke, ikaachia, na oili ikatapakaa ndani ya boneti. Mzee Mbonde alizima injini papo hapo, kabla ya taa ya hatari kumwambia. Kama angechelewa, injini ingekufa.

Tukavutwa hadi gereji. Wakati fundi akilitazama gari, mimi nilikaa kwenye benchi nikaandika taarifa: gari limeharibika kwa uzembe wa dereva. Mwanangu, lazima ujue uzito wa sentensi hiyo. Mzee Mbonde alikuwa na barua mbili za onyo kwenye jalada lake. Ya tatu ingekuwa ya kumrudisha Bungu bila kazi, nami nililijua hilo kwa sababu majalada niliyatunza mimi.

Fundi yule aliitwa Mlowe, mtu wa makamo aliyevaa koti zito juu ya ovaroli. Alifungua kifuniko cha kutilia oili akanionyesha upande wake wa ndani. Palikuwa na utando mweupe mzito kama tui la kwanza. Kisha akafuata ule mpira kwa vidole hadi mwisho, akatoa kipande cha kandambili cha bluu, akakiweka kwenye kiganja.

“Nani ameziba hapa?”

Nikamwambia kwamba dereva ndiye mwenye dhamana ya gari.

Mzee Mbonde alitazama matairi. “Bwana Afisa amesema kweli,” akasema taratibu. “Nilikifunga mimi, kwa mkono wangu.”

“Mkono nimeuona, kaka,” akasema Mlowe. “Hii kazi imechongwa vizuri, ni ya mtu mwangalifu. Mimi naulizia mdomo uliosema kiachwe humu.”

Mzee Mbonde angeweza kunitaja kwa neno moja, na karatasi yenye jina lake ilikuwa juu ya goti langu. Hakunitaja. Ukimya wake ndio ulionishinda.

“Niliagiza mimi,” nikasema.

Mlowe hakunikaripia kwa sauti. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Kibiti, huku kwenye delta ya mto.

“Basi umepanda boti za mashine.”

“Nimepanda, za kwenda Mbwera.”

“Nahodha kabla ya kuvuta kamba hufanya nini kwenye tangi la mafuta?”

Nikamjibu kwamba hulegeza kile kiskrubu cha kifuniko, hewa ipite. Asipokilegeza, boti huzimika katikati ya mkondo. Kila abiria wa Mbwera anajua.

“Kumbe unajua,” akasema. “Injini nayo inapumua, kijana. Umeiziba pumzi, mvuke wake umekutana na chuma cha baridi umekuwa maji, maji yamechanganyika na oili. Halafu ukaitilia oili ya trekta, halafu ukaiacha ingurume imesimama, isipate moto wa kuyakausha maji hayo. Pumzi iliyokosa njia ndiyo iliyosukuma nje kijiti na sili. Na kosa lote hilo unataka kumtwika mzee huyu?”

Siku mbili alifanya kazi. Alimwaga oili ile, akasafisha briza na njia zake zote, akabadilisha sili, akatia oili nyepesi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kitabu ambacho sikuwahi kukifunua.

Taarifa yangu sikuichana. Karatasi ya ofisi haichanwi. Niliikata kwa mstari mmoja ili maneno ya kwanza yaendelee kusomeka, nikaandika chini yake ukweli wote, amri kwa amri, nikasaini tena. Barua ya onyo ilitoka, ikaingia kwenye jalada langu, na ilistahili. Mzee Mbonde aliendesha gari lile hadi alipostaafu kwa heshima, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunikumbusha. Mara moja tu nilipojaribu kumwomba radhi kwa hotuba ndefu, alinikatiza: “Bwana Afisa, funga mlango, vumbi linaingia.”

Sasa sikia ninayokuusia. Ukinunua gari kubwa lililotumika, usivutiwe na ngozi ya viti. Fungua kifuniko cha oili utazame upande wa ndani, uukague na mpira wa kupumulia. Ukienda nchi ya baridi, tia oili inayotajwa na kitabu chake, na ukishaliwasha liendeshe pole pole mpaka injini ishike moto barabara, usiliache lingurume limesimama. Ukiziba kitu kwa ajili ya maji, kizibue ufikapo pakavu, siku hiyohiyo. Na usitie saini yako juu ya jambo ambalo jicho lako halikuliona, wala usiandike jina la mtu mwingine mahali panapostahili jina lako. Ukiwa umekwisha kuliandika, likate mchana kweupe, mbele ya mwenyewe.

Mungu akujalie, mwanangu, fundi asiyekuogopa na mwenzako wa kazi mwenye subira kuliko ulivyostahili, kama alivyonijalia mimi. Akulinde majini na milimani, na akupe moyo wa kushukuru mapema, wanaostahili shukrani wakiwa bado hai.